Hotspot ya MikroTik: hodari wa kuhesabu na kutoza, dhaifu wa kulinda

Ukikaa hosteli, gesti au mkahawa wenye Wi-Fi ya kulipia katika miji ya Kenya na Tanzania, kuna uwezekano mkubwa kwamba umekwisha kuitumia Hotspot ya MikroTik bila kulijua jina lake. Simu inajiunga na mtandao usio na nenosiri, lakini badala ya intaneti unafunguka ukurasa unaokutaka uandike namba ya vocha au ulipe kwa simu. Ukurasa huo unatoka ndani ya ruta yenyewe. Hotspot ni sehemu ya RouterOS, mfumo endeshi wa ruta za MikroTik, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1996 huko Riga, Latvia, na haiuzwi kando: aliyenunua ruta amekwisha kuilipia. Tathmini hii inahusu huduma hiyo tu, na imeandikwa kwa ajili ya mwenye hosteli, mwenye mkahawa au fundi wa mtaa anayefikiria kuuza intaneti kwa saa na kwa siku. Maoni yangu nayatanguliza. Ikiwa unachotaka ni kuhesabu matumizi na kutoza, kwa bei ya ruta hizi sijaona kinachoishinda. Ikiwa unachotaka ni kulinda siri za wateja, au kujua kwa hakika ni nani aliye upande wa pili wa waya, Hotspot haikuundwa kwa kazi hiyo na haiifanyi.

Ili kuipima kwa haki, ni lazima kwanza kuelewa inavyofanya kazi, kwa sababu malalamiko mengi ya wateja, na hata ya mafundi, hutokana na kutoelewa jambo moja: simu huwa imekwisha kuingia kwenye mtandao kabla ya mwenyewe kuruhusiwa kuutumia. Inapojiunga na Wi-Fi, hupewa anwani ya IP kwa njia ya DHCP, huduma inayogawa anwani yenyewe, kama ilivyo nyumbani, na kwa macho ya mtumiaji alama ya Wi-Fi imejaa. Ruta, kwa upande wake, imemweka mgeni huyo katika kundi la wasiothibitishwa, na kundi hilo lina kanuni zake katika fayawoli (kichujio cha mawasiliano cha ruta), ambazo Hotspot huzitunga yenyewe mara tu inapowashwa. Maswali ya DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP, yanayokwenda poti 53 (poti ni mlango wenye namba wa huduma), hugeuzwa yakaingia poti 64872 ya ruta. Maombi ya HTTP ya poti 80 hugeuzwa kwenda 64874. Ya HTTPS, yaani HTTP iliyosimbwa ili wengine wasiisome, kwenda 64875. Na karibu kila kilichobaki hukataliwa. Fundi anayefungua orodha ya kanuni za NAT (za kugeuza anwani na poti) akakuta mistari ambayo hakuiandika, yenye herufi D mbele yake, asiifute wala asihangaike nayo, kwani hiyo ndiyo Hotspot ikiwa kazini.

Linalofuata ndilo linalowashangaza wengi. Ukurasa wa kuingilia unaonekana kana kwamba ruta imeusukuma kwenye simu, lakini ukweli ni kwamba simu ndiyo iliyoufungua. Kila simu janja ya leo, ikishapata anwani ya IP, hupiga hodi mahali fulani ili kupima kama intaneti ipo kweli. Simu za Apple huomba ukurasa wa captive.apple.com na hutarajia kusoma neno Success. Simu nyingi za Android huomba connectivitycheck.gstatic.com/generate_204 na hutarajia jibu tupu lenye msimbo 204. Windows huomba faili la connecttest.txt kutoka msftconnecttest.com, ambalo ndani yake mna maneno Microsoft Connect Test na hakuna kingine. Maombi hayo hutumwa kwa HTTP ya kawaida, isiyosimbwa, kwa makusudi, ili ruta iweze kuyadaka. Ruta huyadaka, hujibu kwa kuielekeza simu kwenye login.html, na simu, kwa kuona jibu si lile lililotarajiwa, hutambua kuwa iko nyuma ya lango na kufungua dirisha dogo la kuingilia.

Ukishajua hilo, utajua pia kwa nini ukurasa wakati mwingine haujitokezi. Sababu ninayoiona mara nyingi kuliko nyingine ni orodha ya tovuti zinazoruhusiwa kabla ya kuingia, ile ambayo menyu ya RouterOS huiita walled-garden. Fundi anataka mteja aweze kuingia kwa akaunti yake ya Google, au anataka picha na fonti za ukurasa wake zipakie, basi anaruhusu kila kitu cha google.com na gstatic.com. Tangu dakika hiyo simu za Android zinapiga hodi, zinapata msimbo 204 halisi kutoka kwa Google, zinaamini intaneti ipo, na hazifungui ukurasa wowote. Mteja anaona Wi-Fi imejaa na hakuna kinachopakia. Dawa yake ni kuruhusu majina machache mahususi yanayohitajika, na fonti na picha kuzihifadhi ndani ya ruta yenyewe. Programu ya VPN iliyoachwa ikiwa imewashwa kwenye simu nayo huleta shida ya namna hiyohiyo, ila hilo halimo mikononi mwa fundi. Kibandiko ukutani kinachomwambia mteja aizime kwanza kinatosha.

Kuna kipengele kimoja ambacho Hotspot, pamoja na kila lango la aina yake duniani, imebaki ikipigana na wakati, nacho ni HTTPS. Zamani mtu aliweza kuandika anwani yoyote kwenye kivinjari na akaletewa ukurasa wa kuingilia. Leo karibu kila tovuti inatumia HTTPS, na ruta haiwezi kujifanya Facebook au benki yako, kwa sababu haina cheti cha kidijitali kinachothibitisha tovuti hizo. Ikijaribu kugeuza muunganisho huo, kivinjari hutoa onyo la kutisha, na kwa tovuti zinazotumia HSTS, kanuni inayokilazimisha kivinjari kutumia HTTPS tu, iliyochapishwa mwaka 2012 kama RFC 6797, moja ya nyaraka za viwango vya intaneti, hakuna hata kitufe cha kupuuza onyo. Huo si ubovu wa MikroTik, na kwa kweli ndivyo inavyopaswa kuwa. Ushauri wangu ni kuacha kabisa kugeuza HTTPS na kumpa mteja jina fupi la kuandika mwenyewe ikiwa dirisha halikufunguka, yaani lile jina la DNS ambalo Hotspot hukuuliza wakati wa kuisanidi. Chagua jina ambalo si mali ya mtu mwingine, na uwe mwangalifu hivyohivyo na anwani za IP. Kwa miaka mingi miongozo ya vifaa vya Cisco vya Wi-Fi ilitumia 1.1.1.1 kama anwani ya mfano ya ukurasa wa kuingilia, na wasanidi wakainakili vivyo hivyo. Aprili 2018 Cloudflare ikafungua huduma yake ya DNS kwenye anwani hiyohiyo, na waliokuwa nyuma ya milango ya namna hiyo hawakuweza kuifikia.

Suluhisho rasmi lipo. RFC 8910 ya Septemba 2020 inaruhusu DHCP, kwa kutumia chaguo namba 114, kuiambia simu moja kwa moja kwamba hapa kuna lango na kwamba taarifa zake zinapatikana kwenye anwani fulani, bila mtu kudaka maombi ya mtu. Seva ya DHCP ya RouterOS inaweza kutuma chaguo hilo. Kikwazo ni kwamba kiwango mwenzake, RFC 8908, kinadai taarifa hizo zitolewe kwa HTTPS, kwa hiyo unahitaji jina la kikoa lililosajiliwa na cheti halali kinachohuishwa kila mara. Kwa hoteli kubwa ni jambo la kawaida. Kwa hosteli ya vyumba vichache sioni kama kuna atakayejisumbua.

Sasa tuje kwenye kuingia kwenyewe, sehemu ambayo wengi hudhani ni salama kuliko ilivyo. Njia inayowashwa tangu kiwandani inaitwa HTTP CHAP. Ruta inapotuma login.html, hupachika ndani yake vipande viwili, kitambulisho na changamoto, yaani mfuatano wa herufi usiotabirika. Mtumiaji akibonyeza kitufe, faili dogo liitwalo md5.js huunganisha kitambulisho, nenosiri na changamoto kwa mpangilio huo, hukokotoa MD5 (alama ya kihesabu isiyorudishika nyuma) ya jumla yake, na matokeo, herufi 32 za heksadesimali, ndiyo yanayotumwa badala ya nenosiri. Ruta, ambayo inalijua nenosiri, hufanya hesabu hiyohiyo, na majibu yakilingana inafungua njia. Kwa mtandao usiosimbwa, wazo hilo lina busara yake, kwani anayesikiliza hewani halipati nenosiri likiwa limeandikwa wazi.

Tatizo ni namna tunavyoitumia. Vocha nyingi za mtaani hutengenezwa kwa jina la mtumiaji na nenosiri vinavyofanana, ili mteja aandike namba moja tu. Jina la mtumiaji halifichwi na CHAP, linasafiri wazi. Basi namba ileile ambayo md5.js inahangaika kuificha upande mmoja inapita peupe upande wa pili, na kazi yote ile inakuwa bure. Hata pale vinapotofautiana, nenosiri la tarakimu nne lina michanganyiko 10,000 tu, na mtu aliyenasa changamoto na jibu lake ataijaribu yote kwenye kompyuta yake kabla hujamaliza kusoma sentensi hii. Mbaya zaidi ni kurasa za kupendeza zinazopakuliwa mtandaoni na kubandikwa mahali pa ile ya kiwandani, ambazo baadhi ya watengenezaji wake huiondoa md5.js kwa kuona haina kazi, kisha humwelekeza fundi awashe PAP, na hapo nenosiri linakwenda kama lilivyo. Ukibadilisha ukurasa, fungua msimbo wake uhakikishe kuwa hesabu hiyo bado ipo, na tengeneza vocha za herufi nane au zaidi zilizochanganywa na tarakimu. Wateja watanung'unika siku mbili tatu, kisha watazoea.

Mteja akishakubaliwa, ruta haimtambui tena kwa vocha bali kwa jozi ya anwani ya IP na anwani ya MAC (namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao) ya kifaa chake. Humtungia foleni ya kasi, huanza kuhesabu muda na data, na kila sekunde inayopita huandikwa kwenye jina lake. Katika kazi hiyo ya uhasibu sina budi kuisifu Hotspot bila kubana. Unaweza kuweka kikomo cha muda, kikomo cha data, kasi kwa kila kifurushi, idadi ya vifaa kwa vocha moja, na muda wa kumtoa aliyeondoka bila kuaga. Simu ikizimwa Wi-Fi, ruta huisubiri, kwa kawaida dakika mbili, isipoiona humaliza kipindi na saa ya mteja inasimama. Ukiwasha kidakuzi cha MAC, mteja huyo akirudi anaingia moja kwa moja bila kuuona ukurasa tena, jambo linalofaa sana kwa simu ambazo huzima Wi-Fi kila kioo kinapolala.

Hata hivyo uhasibu huo una mitego yake miwili mitatu ambayo ni lazima muuzaji aijue kabla ya mteja kuigundua. Wa kwanza ni maana ya siku. Kikomo kiitwacho limit-uptime huhesabu muda uliotumika mtandaoni peke yake, si muda wa kalenda, kwa hiyo vocha ya saa 24 yaweza kumdumu mtu mwangalifu wiki nzima. Muuzaji asiyetaka hivyo huongeza skripti inayofuta vocha saa 24 tangu ilipotumika mara ya kwanza, na hapo ndipo unaposikia, "Fundi, nimenunua ya siku nzima, nimetumia saa mbili tu usiku, mbona asubuhi imekata?" Vyote viwili ni halali, mradi kilichoandikwa kwenye vocha ndicho ruta inachofanya. Wa pili ni mpangilio wa kasi. Katika rate-limit, namba ya kwanza ni kile ruta inachopokea kutoka kwa mteja, yaani kasi yake ya kupakia, na ya pili ndiyo ya kupakua. Anayeandika 5M/1M akidhani ametoa megabiti tano za kupakua amempa mteja moja.

Mtego wa tatu ndio unaowatesa hata waliobobea. Usanidi wa kiwandani wa ruta nyingi ndogo za MikroTik huja na kanuni ya FastTrack, ambayo huharakisha pakiti kwa kuzipitisha kando ya sehemu kubwa ya kazi za ruta, foleni zikiwemo. Ukiwasha Hotspot juu ya usanidi huo bila kuiondoa kanuni hiyo, vikomo vya kasi vinaonekana kwenye menyu, vimeandikwa sawasawa, lakini havimzuii mtu, na mteja wa kifurushi cha bei ya chini anapakua filamu kwa kasi yote ya laini yako huku waliolipia zaidi wakilalamika. Kuzima FastTrack kunaifanyisha ruta kazi zaidi, na kwa ruta ndogo gharama hiyo inaonekana, lakini asiyeizima hana biashara ya kuuza kasi. Mjanja mwingine hununua vocha moja, kisha hufungua Wi-Fi ya simu yake kwa wenzake watano chumbani. Kwa huyo kuna kanuni ya kushusha TTL (idadi ya vituo ambavyo pakiti yaweza kupita) ya pakiti ziendazo kwa wateja hadi 1, ili zifike kwenye simu yake na ziishie hapo. Hushinda mara nyingi, ingawa si kila mara.

Malipo hayamo ndani ya Hotspot yenyewe, na hili ni pengo. Kinachofanyika Kenya ni kuiunganisha ruta na mfumo wa malipo wa nje kwa itifaki ya RADIUS, ambayo ruta huitumia kuuliza seva ya nje kama mteja aruhusiwe, na mfumo huo ukaunganishwa na Daraja, lango la wasanidi programu la M-Pesa. Mteja anaandika namba ya simu kwenye ukurasa, ujumbe wa kuomba PIN unajitokeza kwenye simu yake kwa njia ya laini ya simu, akithibitisha, seva ya malipo inaarifiwa na kumfungulia akaunti. Anwani ya seva hiyo lazima iwe kwenye orodha ya walled-garden, vinginevyo mteja asiye na bando hawezi hata kufika kwenye ukurasa wa kulipia. Na jambo la kumwambia kila mteja: PIN huandikwa kwenye ujumbe ule wa laini tu, na ukurasa wowote wa Wi-Fi unaokuuliza PIN ni wa mwizi. Kwa wasiotaka mfumo wa kukodi, MikroTik ina User Manager yake ya bure, programu ya kusimamia akaunti za wateja, na ipo Mikhmon, programu huria iliyotoka Indonesia, ambayo hutengeneza na kuchapisha vocha kwa urahisi unaoifanya menyu ya MikroTik ionekane ya kizamani. Anayekusanya namba za simu kwa njia hizi akumbuke kwamba ameingia katika mikono ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 au ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, na kwamba kuuza huduma ya mawasiliano ni shughuli ya leseni katika nchi zote mbili.

Kuhusu ukurasa wenyewe, uhuru ni mkubwa. Mafaili ni ya HTML ya kawaida, yenye vigezo ambavyo ruta huvijaza inapoutoa ukurasa, kama muda uliobaki na data iliyotumika. Lipo pia errors.txt, lenye ujumbe wote wa makosa, na linaweza kuandikwa kwa Kiswahili mstari kwa mstari. Ni kazi ya nusu saa ambayo wasanidi wengi hawaifanyi, wakamwacha mama lishe wa jirani akisoma Kiingereza kinachomwambia kuwa vocha yake inatumika kwenye simu nyingine. Tahadhari moja: kwenye ruta zenye hifadhi ndogo ya megabaiti 16, chochote kilicho nje ya folda ya flash hukaa kwenye kumbukumbu ya muda na hupotea ruta inapozimwa. Ukurasa uliopambwa jioni ukawekwa folda isiyo yake hautauvuka mgao wa umeme wa kesho. Ruta ndogo nyingi pia hazina betri ya saa, kwa hiyo umeme ukikatika hupoteza tarehe hadi NTP, huduma ya kuweka saa kwa njia ya intaneti, iirejeshe, na skripti za kufuta vocha kwa tarehe zikiamka kabla ya hapo hufanya maajabu. Washa NTP siku ya kwanza.

Nimesema mwanzo kwamba Hotspot hailindi, na sasa nieleze. Hotspot ni kama kondakta wa daladala: anajua nani amelipa, hajui mtu huyo ni nani wala hajali anachozungumza na jirani yake. Wi-Fi iliyo wazi haisimbwi, hivyo kila kisichosimbwa na programu yenyewe kinaweza kusikilizwa na aliye karibu. HTTPS inalinda maudhui ya benki na ya ujumbe wako, lakini majina ya tovuti unazouliza kwa DNS ya kawaida yanaonekana. Zaidi ya hapo, kwa kuwa ruta humtambua mteja kwa IP na MAC, mtu mwenye laptopu na programu ya kunasa pakiti anaweza kuiona anwani ya MAC ya aliyelipa, kuivaa, na kutumia muda wa mwenzake. Kuzuia vifaa visizungumziane, mpangilio ambao kila mwenye Hotspot anapaswa kuuweka, kunawakinga wateja dhidi ya kuchunguliwa mafaili yao, lakini hakuzuii wizi huo. Vilevile mtu anaweza kufungua Wi-Fi yenye jina kama lako, na ukurasa kama wako, akakusanya vocha na namba za simu; hakuna kitu katika ukurasa wa HTTP kinachomwezesha mteja kutofautisha.

Ulinganisho wa haki ni na 802.1X, njia ya kumtambua kila mtumiaji kwa akaunti yake inayotumiwa na eduroam, Wi-Fi ya pamoja ya vyuo vikuu, Kenya ikiwamo kupitia KENET, mtandao wa elimu wa nchi hiyo. Huko utambulisho hufanyika kabla simu haijapewa hata anwani ya IP, kila mtumiaji anasimbwa kwa ufunguo wake, na simu iliyosanidiwa vizuri hukagua cheti cha seva kabla ya kuikabidhi nenosiri. Lakini mwambie mpangaji wa usiku mmoja asanidi cheti kwenye simu yake ili atazame mpira, uone kama atabaki. Hotspot ilishinda sokoni kwa sababu haimdai mteja kitu isipokuwa kivinjari. Njia ya kati ninayoipendekeza ni kuweka nenosiri la WPA2 linalobandikwa ukutani na kuliacha lango lifanye kazi yake juu yake, au, kwa ruta mpya zenye RouterOS 7 na kiendeshi kipya cha Wi-Fi, kuwasha OWE, ambayo husimba mtandao wa wazi bila nenosiri. Simu za zamani hazitaweza kujiunga na mtandao wa OWE, kwa hiyo mtaani bado nenosiri la ukutani ndilo linalofaa.

Mabadiliko ya simu nayo yamepunguza nguvu za Hotspot. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hutumia anwani ya MAC ya kubuni kwa kila mtandao. Kwa kuwa anwani hiyo kwa kawaida haibadiliki mara kwa mara kwenye mtandao uleule, kidakuzi cha MAC bado kinafanya kazi. Kinachoumia ni jaribio la bure, ambalo kiwandani huwa dakika 30 kwa siku na huhesabiwa kwa MAC: mteja anayejua kuibadilisha anwani atajaribu bure mpaka kuche. Mimi huliondoa kabisa jaribio hilo. Zawadi ndogo kwa wageni ni bora itolewe kwa vocha ya mkononi.

Masasisho si hiari. Mwaka 2018 uligunduliwa udhaifu katika huduma ya WinBox, programu ya kusimamia ruta za MikroTik, ulioorodheshwa kama CVE-2018-14847, uliomwezesha mtu wa mbali kusoma mafaili ya ruta na kupata nenosiri la msimamizi. MikroTik ilitoa kiraka mwezi Aprili mwaka huohuo, lakini miezi baadaye ruta nyingi sana duniani zilikuwa hazijasasishwa, na nyingine zikageuzwa kupachika msimbo wa kuchimba sarafu za kidijitali katika kurasa za wateja. Ruta ya Hotspot iko mbele ya watu usiowajua mchana kutwa. WinBox na huduma nyingine za usimamizi zifungwe upande wa wateja na upande wa intaneti, ziachwe kwa kompyuta ya msimamizi tu.

Washindani wapo. UniFi ya Ubiquiti ina ukurasa mzuri zaidi na vocha zake, lakini inahitaji programu yake ya usimamizi iwe hai muda wote ili lango lifanye kazi. pfSense ni imara kwa mwenye kompyuta ya ziada na umeme wa kuaminika. Kwa kazi ya mtaa, MikroTik bado ndiyo ninayoinunua.

Lakini nunua kwa kusoma leseni. Idadi ya wateja wanaoweza kuwa ndani ya Hotspot kwa wakati mmoja hutegemea kiwango cha leseni ya RouterOS: kiwango cha 4 huruhusu 200, cha 5 huruhusu 500, cha 6 hakina kikomo, na cha 3 huruhusu mmoja. Ndiyo, mmoja. Antena nyingi za nje zinazouzwa kwa kupokea intaneti kutoka mnarani huja na kiwango cha 3, na kwa umbo zinafanana kabisa na zile za kusambaza. hAP lite, yenye kumbukumbu ya megabaiti 32 na Wi-Fi ya gigahezi 2.4 peke yake, ina kiwango cha 4 na inatosha mkahawa mdogo, si hosteli. Kwa hosteli ningechukua hEX yenye megabaiti 256 na poti tano za waya za gigabiti, nikaacha Wi-Fi kwa vifaa vingine vya kusambaza. Kabla ya kutoa pesa dukani, mwombe muuzaji aiwashe ruta, ufungue System kisha License, na usome namba iliyoandikwa hapo.